Shaaban Robert: Karani Aliyetufunza Kutunga Hadithi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka tunapoambiwa tulete maandishi ya jarida hili, wengi wetu hukimbilia hadithi. Ni jambo jema. Lakini safari hii nimeonelea nisilete hadithi, bali nieleze maisha ya mtu mmoja aliyezitunga, kwa sababu nina swali ambalo najua si langu peke yangu. Je, mtoto wa huku bara, anayesoma shule ya kutwa, ambaye nyumbani kwao Kiswahili husemwa mgeni akija, anaweza kuwa mtunzi wa hadithi za Kiswahili? Au hiyo ni kazi ya watu fulani waliozaliwa nayo?

Siulizi kwa mzaha. Kuna mtu mzima mtaani kwetu, ninayemheshimu sana, aliyenikuta nikiandika akaniambia ati Kiswahili kina wenyewe, na wenyewe wako pwani. Sisi wa huku tushike sayansi. Sikumjibu, maana mkubwa hajibiwi ovyo. Makala haya ndiyo jibu langu, na nimemchagua Shaaban Robert anisaidie kulitoa.

KUZALIWA KWAKE NA ASILI YAKE

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Wakati huo nchi yao haikuitwa Tanzania wala Tanganyika. Ilikuwa koloni la Wajerumani. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, mnamo Novemba 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vilibisha hodi mlangoni mwao. Majeshi ya Waingereza yalishuka pwani ya Tanga, yakapigana na Wajerumani, yakashindwa. Mwaka wa 1916 Waingereza walirudi na safari hii wakauteka mji. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa chini ya bendera moja akakulia chini ya nyingine. Si ajabu kwamba baadaye hadithi zake zilijaa wafalme, mawaziri na mahakama. Mambo ya kutawaliwa aliyaona tangu utotoni.

Sasa sikilizeni jambo hili. Wengi wetu tukisikia jina Shaaban Robert tunadhani alikuwa Mswahili wa tangu na tangu, mtu ambaye mababu zake wote walikuwa malenga. Kumbe sivyo! Wazazi wake walikuwa na asili ya Wayao, watu ambao kwao ni kusini mbali, pande za Msumbiji, Malawi na kusini mwa Tanzania. Yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili, na mpaka leo hakuna anayethubutu kumwambia kwamba hakuwa. Hata jina lake lina mambo. Alikuwa Mwislamu, na la kwanza ni la Kiislamu, lakini la pili ni la Kizungu. Ukilisoma tu jalada la kitabu unaona kwamba Kiswahili ni nyumba yenye milango mingi.

Najua kuna mtu atanipinga hapa. Atasema: wewe, Shaaban Robert alizaliwa Tanga, akakisikia Kiswahili kila siku, wewe unakisikia darasani na kwenye redio. Ni kweli, sikatai. Lakini nami nauliza: ni watoto wangapi walizaliwa Tanga mwaka huo wa 1909? Wote walikisikia Kiswahili hichohicho sokoni na msikitini. Mbona hatuna Shaaban Robert mia? Kuzaliwa karibu na kisima ni jambo moja, kuteka maji ni jambo jingine. Na kama mfano wa Tanga hautoshi, tuko na wetu hapa nyumbani. Ken Walibora, aliyefariki mwaka wa 2020, alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, si wa pwani. Mwaka wa 1996 riwaya yake Siku Njema ilitoka, ikasomwa na wanafunzi wengi mno wa nchi hii, wa pwani wakiwemo. Lugha ni kama shamba. Mazao ni ya aliyelima.

MASOMO NA KAZI

Shaaban Robert alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka wa 1922 hadi 1926. Baada ya hapo hakwenda chuo kikuu. Elimu yake iliyobaki aliitafuta mwenyewe kwa kusoma vitabu, akajifunza Kiingereza vya kutosha hata akaweza kutafsiri mashairi ya Omar Khayyam kwa Kiswahili, kazi iliyotoka mwaka wa 1952.

Mwaka huohuo wa 1926 alipomaliza shule aliajiriwa na serikali ya Waingereza kuwa karani katika idara ya forodha. Forodha ni mahali ambapo mizigo inayoingia na kutoka bandarini hukaguliwa na kutozwa ushuru. Alikaa huko hadi 1944, akahamishwa huku na huku, na Pangani ni mojawapo ya miji aliyofanyia kazi. Kutoka 1944 hadi 1946 alikuwa katika idara ya mifugo. Kisha akarudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya mpaka 1952, halafu katika ofisi ya upimaji ardhi mpaka 1960. Hebu hesabuni: tangu 1926 mpaka 1960 ni miaka 34. Miaka 34 ya kuwa karani!

Jambo hili lilinishangaza kuliko yote niliyosoma juu yake. Mimi nilidhani mwandishi ni mtu anayekaa chini ya mwembe, upepo unavuma, maneno yanamjia. Kumbe huyu alikuwa mtu wa faili na mihuri kama makarani wengine wote. Asubuhi kazini, na kazi yenyewe ni ya serikali ya kikoloni, ambapo Mwafrika alikuwa wa chini hata akiwa hodari vipi. Vitabu vyake vyote vya wakati huo vilipatikana katika saa zilizobaki, yaani jioni, usiku na siku za mapumziko.

Sisi wa shule ya kutwa tunapenda kulalamika. Tunasema wenzetu wa bweni wana muda na taa, sisi tukifika nyumbani kuna maji ya kuteka, ng'ombe wa kukamua, na stima ikipotea tunarudi kwenye koroboi. Yote ni kweli, nami ni shahidi. Lakini nikifikiria yule karani nauona udhuru wangu ukiyeyuka. Mtu anayeandika ukurasa mmoja kila jioni, ifikapo mwisho wa mwaka ana kurasa zaidi ya 300, na hicho ni kitabu kizima. Anayengoja likizo ndefu iliyo tulivu ataingoja mpaka azeeke.

MSIBA NA KALAMU

Mashairi yake yalianza kujulikana kupitia magazeti. Vitabu vikafuata. Kimojawapo cha kwanza, Pambo la Lugha, hakikuchapishwa Tanga wala Dar es Salaam, bali Johannesburg huko Afrika Kusini, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, katika miaka ya mwisho ya 1940. Waza umbali huo. Mtu yuko Tanga, maandishi yake yanakwenda mpaka Johannesburg, na siku hizo hakuna simu ya mkononi ya kuuliza kama yamefika. Sisi tukiambiwa tutembee mpaka ofisi ya mhariri wa jarida hili tunaona ni mbali!

Katikati ya hayo alipatwa na msiba mkubwa. Mkewe Amina alifariki, akamwachia watoto wadogo. Shaaban Robert alimwandikia shairi la kumlilia, nalo linaitwa kwa jina la marehemu, Amina. Walimu wengi hulitaja kuwa miongoni mwa mashairi ya huzuni yaliyo bora katika lugha yetu. Sitalinukuu hapa. Atakaye alitafute alisome mwenyewe, tena alisome kwa sauti.

Kitu ninachotaka mtunzi mchanga akione ni hiki: hakuandika juu ya kifo kwa jumla. Aliandika juu ya mtu mmoja mwenye jina. Sisi katika insha zetu tunaua watu ovyo. Ajali ya matatu, watu thelathini wamekufa, mistari miwili imekwisha, tunaendelea. Msomaji hamlilii hata mmoja wao kwa sababu hakumjua. Afadhali hadithi yako ife mtu mmoja tu, lakini kwanza utuonyeshe alivyokuwa akicheka na alivyokuwa akifunga leso yake, ndipo tukisikia amekufa nasi tuhisi pengo.

Watoto wake hakuwasahau katika maandishi. Katika kitabu cha maisha yake mwenyewe, Maisha Yangu, mna tenzi mbili za mawaidha. Moja, Utenzi wa Hati, alimtungia binti yake Mwanjaa. Nyingine, Utenzi wa Adili, alimtungia mwanawe wa kiume. Baadaye aliongeza sehemu inayosimulia maisha baada ya umri wa miaka hamsini. Kwa maneno mengine, alipokosa la kusimulia, alisimulia maisha yake na ya watu wa nyumbani kwake. Nasi tunasema ati hatuna la kuandika!

HADITHI ZAKE

Sasa nifike penyewe. Hadithi ya Shaaban Robert inayotajwa sana ni Kusadikika, iliyotoka mwaka wa 1951. Kusadikika ni nchi iliyo angani, haigusi ardhi. Huko kuna kijana anayeitwa Karama. Kosa lake ni kwamba ameanzisha mafundisho ya sheria, watu wapate kujua haki zao. Waziri mmoja aitwaye Majivuno anamshtaki mbele ya Mfalme, na adhabu inayomngoja ni kifo. Karama anapewa nafasi ya kujitetea. Badala ya kulia na kuomba msamaha, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali kutafuta mambo mema ya kuinufaisha Kusadikika: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhai na Amini. Kila mmoja aliteseka safarini, akarudi na hazina ya maarifa, na shukrani aliyopewa ni kutupwa gerezani. Siku baada ya siku Karama anasimulia, na mahakama nzima inasikiliza, mpaka mwishowe haki inashinda na waliofungwa wanafunguliwa.

Jamani, tazameni ufundi uliomo humo. Kitabu hiki kilitoka wakati Waingereza wanatawala, miaka kumi kamili kabla ya uhuru wa Tanganyika. Mwandishi ni karani wa serikali hiyohiyo. Angesema waziwazi kwamba watawala wanawanyima watu sheria na elimu, kitabu kisingefika mbali, na kazi angepoteza. Basi akaipeleka nchi angani! Nani atamshtaki mtu kwa kuisema vibaya nchi iliyo angani? Lakini msomaji mwenye akili akitoka hapo anatazama nchi yake iliyo ardhini na kujiuliza maswali. Ndiyo maana kitabu hiki kimesomwa na watu waliozaliwa miaka mingi baada ya wakoloni kuondoka, nao wakakuta kina mawaziri wanaowajua.

Mtunzi mchanga ajifunze mambo mawili hapa. La kwanza, hadithi si lazima iseme ukweli kwa kidole. Unaweza kuusema kwa mfano. Ukitaka kuandika juu ya kiranja mwonevu, usimtaje ukatiwa adabu. Mfanye fisi, mfanye mfalme wa nchi iliyo chini ya bahari. La pili, shujaa wake anashinda kwa maneno. Hana upanga wala bunduki. Mtu aliyesimama kizimbani, maisha yake yako hatarini, na silaha yake ni hadithi tu: msomaji gani atakifunga kitabu hapo? Wengi wetu tunadhani hadithi ya kusisimua lazima iwe na majambazi na risasi. Yataka mtu awe na kitu cha kupoteza, basi.

Mwaka wa 1952 ikatoka Adili na Nduguze. Adili ni mtu mwema mwenye ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, ambao majina yao tayari yamewasema. Wanamtendea uovu, nao wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku ingawa moyo wake unamuuma. Wataalamu wameonyesha kwamba hadithi hii inafanana na mojawapo ya zile za Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu wabaya hugeuzwa mbwa. Je, huo ni wizi? Mimi nasema sio. Alichukua mti wa zamani akachonga mtumbwi wake mwenyewe. Akabadili majina, akabadili wanyama, akaingiza mawazo yake juu ya wema na uongozi. Kila mmoja wetu ana nyanya au babu mwenye hadithi za sungura, za majitu na za mwali aliyeolewa na zimwi. Hadithi hizo ni mali ambayo haijafunguliwa. Ukiichukua moja, ukaileta mjini leo, zimwi likawa mtu anayedanganya wasichana kwa kazi za ng'ambo, tayari una hadithi mpya yenye mizizi mirefu.

Aliandika pia Kufikirika, juu ya mfalme aliyekuwa na kila kitu isipokuwa mtoto. Utubora Mkulima, juu ya mtu aliyeacha kazi ya mshahara mjini akaenda kulima. Na Siku ya Watenzi Wote. Na asidhani mtu kwamba alishughulika na wafalme wa kuwaziwa tu. Wasifu wa Siti Binti Saad, uliotoka mwaka wa 1958, ni kitabu juu ya mwanamke wa kweli wa Unguja, aliyezaliwa katika ufukara, akauza vyungu, kisha sauti yake ikamwinua hata akasafiri mpaka Bombay mwaka wa 1928 kurekodi nyimbo katika santuri. Shaaban Robert aliona kwamba muuza vyungu anastahili kitabu kama wafalme wanavyostahili. Katika soko letu wamo akina Siti wangapi ambao hakuna aliyewaandikia hata ukurasa?

AMBAYO TUSIMWIGE

Kumsifu mtu bila kumpima si heshima, ni uvivu. Kwa hiyo nitasema pia mambo ambayo naona mtunzi wa leo asiyaige.

Wahusika wa Shaaban Robert mara nyingi ni wema kabisa au wabaya kabisa. Ukisikia jina Majivuno umeshajua atafanya nini kabla hajafungua mdomo. Mbinu hiyo ilimfaa kwa kuwa alikuwa akiandika mifano ya kufundishia. Lakini watu tunaoishi nao si hivyo. Jirani mchoyo ndiye huyohuyo anayembeba mgonjwa mgongoni usiku. Ukimwandika mchoyo tu, umeandika nusu ya mtu. Pia mara nyingine anasimamisha hadithi ili atoe mawaidha marefu, na sisi vijana tunaanza kuhesabu kurasa zilizobaki. Yeye alikuwa na hekima ya kutosha kujaza mawaidha hayo. Sisi wa miaka kumi na sita tuache hadithi yenyewe ifundishe.

Jambo jingine ni methali. Katika insha tumezoea kumwaga methali kama chumvi iliyomwagika, kwa sababu tunajua zinaongeza alama. Mwingine anaanza na wahenga, anaendelea na wahenga, anamaliza na wahenga, yeye mwenyewe hajasema neno. Shaaban Robert alizipenda semi, ndiyo, lakini nyingi alizitunga mwenyewe, na ndiyo maana watu huzikumbuka wakidhani ni za kale. Na tena, jamani, tuache ile hadithi inayoanza asubuhi na mapema ndege wakiimba mitini, ikaishia na mtu kuamka akakuta kumbe ilikuwa ndoto. Msomaji aliyekuamini kurasa kumi halafu ukamwambia ilikuwa ndoto ana haki ya kudai muda wake.

Na Sheng je? Hapa chamani tumebishana sana. Wengine wanasema itupwe mbali, wengine wanasema ndiyo lugha yetu. Mimi naona hivi. Kijana wa stendi ya matatu akizungumza katika hadithi kama kadhi wa Lamu, hakuna atakayemwamini. Mpe maneno yake. Lakini wewe msimulizi shika Kiswahili kilichonyooka, ili msomaji wa Tanga, wa Bungoma na wa Bujumbura akuelewe, na akuelewe hata miaka sabini baadaye. Sheng ya mwaka huu mwakani imechacha. Kusadikika ilitoka 1951 na bado mtoto wa kidato cha tatu anaifuata bila mkalimani.

KUFA KWAKE NA KUISHI KWAKE

Si kila kitu kilimwendea vizuri. Alipata heshima, ni kweli. Alitunukiwa nishani ya MBE na tuzo ya fasihi ya Margaret Wrong, akawa mwanachama wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Lakini kupata wachapishaji wa kazi zake zote ilikuwa taabu, mpaka akaanza kuzichapisha mwenyewe hapo Tanga. Almasi za Afrika, iliyotoka mwaka wa 1960, ilichapishwa hivyo.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert aliiona siku hiyo, lakini hakuiona sana nchi huru, kwani alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa kwao Machui.

Sasa tazameni tarehe hizi. Kufikirika ilichapishwa 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru, utenzi wake mrefu juu ya Vita Vikuu vya Pili, wenye beti 3,000 hivi, ulichapishwa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka 1968. Yaani aliandika vitabu ambavyo hakuwahi kuvishika mkononi vikiwa vimejalidiwa. Aliondoka duniani vikiwa bado ni makaratasi. Leo Dar es Salaam kuna barabara yenye jina lake na shule ya sekondari yenye jina lake, na wewe na mimi tunamsoma huku Kenya.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini nikafikiri sana. Mimi nikiandika hadithi na isipochaguliwa, nanuna wiki nzima. Yeye aliandika beti 3,000 bila kuona zimechapishwa. Kwa nini mtu afanye hivyo? Nadhani ni kwa sababu alijua kazi ya mtunzi ni kuandika vizuri na kumaliza. Kuchapishwa, kusifiwa na kulipwa ni mambo ya watu wengine na ya wakati. Baba yangu husema kalamu haijazi tumbo, nami simbishii, maana hata Shaaban Robert alijaza la watoto wake kwa mshahara wa ukarani. Lakini faili alizozishughulikia forodhani nani anazikumbuka?

NENO LA MWISHO KWA WATUNZI WENZANGU

Basi nimalizie kwa kukusanya niliyoyapata, ili mtu asije akasema nimezunguka bila kufika.

Ewe unayetaka kutunga hadithi, kwanza soma. Vitabu vya maktaba yetu ni vichache na vingine vimepoteza majalada, lakini ukimaliza hata vitano kwa muhula hutakuwa yule wa zamani. Pili, uwe na daftari dogo la pembeni, uandike maneno unayoyasikia: namna muuza mitumba anavyoita wateja, namna mama anavyokaripia bila kutukana. Tatu, andika kila siku hata kama ni nusu ukurasa, na hadithi uliyoianza uimalize, iwe mbaya iwe nzuri. Mbaya iliyokwisha inarekebishika, nzuri iliyokatika katikati haina dawa. Nne, mpe mhusika wako kitu anachokitaka sana, kisha umwekee mtu au jambo la kumzuia. Karama alitaka watu wajue sheria, Majivuno akasimama njiani, na hadithi ikaanza. Tano, isome kwa sauti mbele ya mtu asiyekuogopa. Pale atakapopiga miayo, pale ndipo pa kukata.

Na yule mtu mzima wa mtaani kwetu, kama jarida hili litamfikia, namwambia kwa heshima zote kwamba nimekubali: Kiswahili kina wenyewe. Karani mwenye asili ya Uyao alikuwa mmoja wao. Mtoto wa magharibi mwa Kenya aliyeandika Siku Njema alikuwa mmoja wao. Mlango bado uko wazi, na Chama cha Kiswahili hukutana kila Alhamisi baada ya masomo, saa kumi. Leteni hadithi zenu, hata zikiwa zimeandikwa nyuma ya daftari la hesabu. Tutazisoma pamoja.

Kwaherini, na kalamu zenu zisikauke wino.